Sahihi ya Roselyn

Kwa miaka thelathini na mmoja Erastus Omoding alikuwa ajenti wa forodha pale mpakani Malaba, na katika miaka hiyo yote hakutia sahihi karatasi ambayo hakuisoma. Madereva wa trela walimnung'unikia. Yeye alipitisha kidole mstari kwa mstari, na mzigo uliopita mkononi mwake haukurudishwa. Mkewe alipofariki alistaafu, akabaki shambani na ng'ombe wawili. Mtoto wake mmoja tu, Roselyn, alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Busia.

Akiwa na miaka sabini na sita aliteleza kwenye saruji iliyolowa, kando ya tangi la maji. Nyonga ya kulia ikavunjika, mguu ukageukia nje kama si wake. Roselyn ndiye aliyetafuta gari, akamlaza katika wadi yake mwenyewe, akawa anamgeuza na kumwosha. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walisema mzee huyu alizaa.

Daktari alimwambia kwamba atatiwa msumari wa chuma ndani ya mfupa wa paja, ushike pale palipovunjika.

"Msumari wa namna gani?" Omoding aliuliza.

"Mzuri, mzee. Usijali."

Akapasuliwa. Siku ya pili akasimamishwa, na wiki ya sita alikuwa akijikongoja kwa magongo hadi zizini.

Siku ya kliniki alipokelewa na mtafiti aliyeitwa Sharlyne Mugeni, mwanamke mpole mwenye faili la kijani. Akampima hatua, akaandika, kisha akasema, "Wewe mzee uko kundi la msumari mfupi."

"Kundi gani?"

Sharlyne alidhani mzee tayari anajua kwamba yumo katika utafiti. Akamweleza kwamba upo msumari mfupi unaoishia katikati ya paja, na mrefu unaokaribia goti. Yote miwili hutumika, ila madaktari hawajawa na hakika upi unamfaa zaidi mzee, kwa hiyo wanailinganisha. Nani apate upi, huamuliwa kwa bahati tu, kwa kufungua bahasha iliyofungwa.

"Na mimi nilikubali lini?"

Sharlyne alifunua faili, akasita, kisha akamgeuzia. Chini ya fomu ya kukubali kulikuwa na sahihi ya Roselyn, na juu yake, kwa mwandiko wake: Mgonjwa hawezi kuelewa maelezo.

Omoding alisoma mara mbili. Aliitazama tarehe. Jioni ile alikuwa amelala chali akimsomea jirani yake wa kitanda barua ya ardhi, akimwonyesha palipokosewa namba ya shamba. Roselyn alikuwa amesimama hapohapo, akicheka.

Alimkuta kwenye ukumbi, akisukuma toroli la dawa.

"Uliandika sielewi."

Roselyn aliacha toroli. "Baba, ulikuwa na maumivu. Ningekueleza ungeuliza maswali mpaka wiki iishe, na mzee mwenye nyonga iliyovunjika hapaswi kungoja. Na si umepona?"

"Nimepona. Hilo silikatai."

"Sasa kosa ni gani?"

"Pengine ningekubali," alisema Omoding. "Sasa hutajua, hata mimi sitajua. Wewe uliyenijua kuliko watu wote ndiye uliyeandika kwamba sina akili."

Roselyn alianza kulia kimya kimya. Omoding alitamani kumshika bega, kama alivyozoea, lakini mikono ilikuwa imeshika magongo, na hakuyaachia.

Daktari aliitwa. Aliomba radhi bila kuzungukazunguka, akasema mzee ana haki ya kujitoa, na matibabu yataendelea vilevile. Omoding aliomba fomu mpya. Aliisoma kwa karibu saa nzima, kidole kikitembea, akauliza maswali kumi na moja, kisha akatia sahihi ya kukubali. Alisema wazee wengine watavunjika nyonga, na afadhali ijulikane msumari upi ni bora.

Halafu akaomba karatasi moja zaidi, ile inayotaja jamaa wa karibu wa kupewa habari za mgonjwa na kuamua kwa niaba yake. Alikata jina la Roselyn kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika la Opolot, jirani yake anayemkamulia ng'ombe.

Roselyn bado humletea samaki kila Jumapili kutoka soko la Busia. Omoding hushukuru, hula, humuuliza habari za kazi. Habari za mguu wake humweleza Opolot.