Uji wa Asubuhi ya Upasuaji

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na uvimbe laini katikati ya macho, pale pua inapoanzia. Akilia, unatuna. Daktari alinieleza kwamba mfupa wa hapo haukufunga alipokuwa tumboni, na utando wa ubongo umepenya. Asipofanyiwa upasuaji, ngozi itapasuka na vijidudu vitaingia kichwani.

Majirani wa mtaa wetu wa Isevya walikuwa na lao, eti nilimcheka kilema nikiwa na mimba. Nikaacha kwenda nao bombani. Mtoto mwenyewe hana habari. Mwaka na nusu, anamchekea kila mtu, hasa mwenye miwani.

Madaktari bingwa walikuja Tabora kwa siku chache tu, sisi tukapangiwa siku ya mwisho. Nesi alisisitiza mtoto asile kitu tangu usiku, maana akitapika akiwa usingizini kwa dawa, chakula kitaingia mapafuni. Mama yangu alikuwa amekuja na treni kutoka Bukene kunisaidia. Nilimwambia mtoto asile. Sikumwambia kwa nini. Nani anamfundisha mama yake habari za kulisha?

Asubuhi nikaenda kuoga. Kurudi, mtoto ana uji wa karanga mpaka kidevuni, anapiga makofi. Kwetu mtu haanzi safari na njaa.

"Anaenda kukatwa visu, mwanangu," mama akasema. "Aende na tumbo tupu?"

Nilitamani kunyamaza, lakini hospitalini nikasema kweli. Daktari akashusha barakoa, akasema pole, tusubiri watakaporudi tena. Mimi nina mdomo, najijua. Pale pale koridoni, mbele ya watu, nikamfokea mama yangu: "Umeniulia mtoto." Alichukua ncha ya kanga akamfuta mjukuu wake uso.

Uvimbe ulipasuka kabla hawajarudi. Homa ilimla siku tatu, ya nne tukamzika. Mpaka leo moyo unaniuma, na unaniuma zaidi kwa sababu kosa lilikuwa langu. Ningemweleza, angeelewa, si mtu mgumu. Nimemwomba radhi mara nyingi. Husema yamekwisha.

Hayajaisha. Nikienda Bukene, nikishamwamkia na kuketi, mama husimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikupakulie, au umekatazwa?"