Kinga Isiyojua Kupumzika

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika saa mbili hivi, na udongo mwekundu wa mtaa huu wa Mudzipela ukabaki unang'aa kama umepakwa mawese.

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, maana mezani yuko shemeji. Nyumba ni yake. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, na tangu tulipokimbia kwetu Kivu Kaskazini ametupa chumba hiki kinachotazama choo, wala hajatuuliza hata siku moja tutaondoka lini. Nataka hilo lijulikane kwanza, kabla sijasema habari ya kinga yake, yaani baiskeli.

Mke wangu ana mimba ya miezi nane. Kesho anatakiwa kwenye kituo cha afya, huko chini mjini, kupimwa. Mwezi uliopita alienda kwa moto, pikipiki ya abiria, ikamtikisa kwenye mashimo, na aliporudi akaona damu. Ilikuwa kidogo, ikakoma. Lakini muuguzi alimwambia, "Mama, moto apana tena mpaka uzale." Kutembea njia yote nako ni shida, miguu imemvimba. Ndipo shemeji, ambaye mpaka leo dada yake humwita mtoto, akasema, "Mutoto wetu atabebwa na kinga. Polepole." Ni kwa ajili ya dada yake aliitengeneza ile baiskeli. Hilo nalo lijulikane.

Ni baiskeli ya mbio, nyembamba, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume. Mfanyabiashara mmoja anayekwenda Aru alimwachia shemeji kama shukrani ya geti alilomtengenezea. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda. Kinga ilikuja na ugonjwa. Rulibre yake, kile kitu cha gurudumu la nyuma kinacholia tiki-tiki unapoacha kukanyaga, ilikuwa imekufa. Unakanyaga, miguu inazunguka bure, kinga imesimama. Shemeji alitafuta nyingine sokoni. Zilizokuwepo ni za zile kinga nzito za Kichina, na hazikuingia. Basi akafanya anachokijua: akaichomelea. Rulibre na gurudumu vikawa chuma kimoja. Akatoa mitambo ya vitesi, ile ya kubadilisha gia, akafupisha shene, mnyororo wake. Waya za freni zilikuwa zimeoza, akazitoa zote mbili.

"Freni ya nini?" alisema. "Miguu yako njo freni. Ukitaka kusimama, unakataa na miguu."

Alituonyesha hapa uani, kwenye tambarare. Akakanyaga, akakataa, ikasimama. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Leo asubuhi aliniambia niizoee kabla ya kumbeba mke wangu. Nikafunga kreti ya mikate nyuma, maana mimi nauza mikate, nikatoka. Mpaka kichwa cha muteremuko mambo yalikuwa mazuri. Kisha njia ikainama.

Baiskeli ya kawaida ukichoka unaacha miguu, inateremka yenyewe. Hii haina habari hiyo. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na pedali zikizunguka, na wewe. Kwanza ilinifuata mimi, halafu mimi nikaifuata. Nilikataa kwa miguu kama nilivyofundishwa. Magoti yakaniinua kwenye kiti kama mtu anayefukuzwa. Nikatoa miguu, pedali zikawa zinapiga hewa, moja ikanigonga kwenye muundi. Nikarudisha mguu wa kulia, na hapo shene ikakamata suruali.

Sikuanguka vibaya. Nilienda mutaroni kama gunia, mikate ikatawanyika kwenye matope. Lakini mguu ulibaki ndani. Kitambaa kilikuwa kimeingia kati ya shene na meno mpaka karibu na goti, kimekaza kama bandeji. Sikuweza kusimama, sikuweza kukaa sawasawa. Nilikuwa nimefungwa na kinga, nayo imenilalia.

Mama mmoja anayekaanga mandazi pembeni ya njia aliacha sufuria akaja. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, naye akasimama, akazima moto yake ili acheke vizuri.

"Papa, kinga inakula weye ao weye unakula kinga?"

"Acha kumucheka, shika huku," mama akasema. Akaniona ninavuta suruali. "Usivute! Unataka kuacha muguu humo?"

Motari akainama, akajaribu kurudisha pedali nyuma ili shene iachie. Pedali haikurudi. Akajaribu tena kwa mikono miwili. Akatazama nyuma, akaona weupe wa kuchomelea.

"Aa! Wamefunga rulibre. Nani alikufanyia hii?"

"Ndugu," nikasema.

"Ndugu anakupenda sana."

Hakukuwa na njia nyingine: ili pedali irudi nyuma, kinga yote ilibidi irudi nyuma. Wakaiinua, wakaisukuma kinyumenyume kupanda muteremuko, mimi nikiruka na mguu mmoja ubavuni mwake, namshika mama bega. Shene ikatapika kitambaa kidogo kidogo. Mama akacheka mwishoni, na mimi sikumlaumu. Aliniokotea mikate iliyokuwa bado misafi, mitatu akainunua.

Nilikaa hapo kwenye jiwe lake. Sikuwa nafikiria mguu wangu. Nilikuwa naona kitenge. Mke wangu atakaa kwa upande, kama wanawake wote wanavyokaa nyuma ya kinga, na amejifunga vitenge viwili, ncha zinaning'inia. Suruali yangu ilipokamatwa nilianguka mimi. Kitenge chake kikikamatwa, kinga haitajua kwamba niliacha kukanyaga. Itaendelea kuvuta.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Labda ni mimi sijui kuendesha. Kila mtu anajua suruali inakunjwa, na mimi sikukunja. Mvua ilikuwa imenyesha. Fundi mwenye miguu ya nguvu angesimama. Nilijiambia hayo njia yote nikisukuma kinga kurudi, na pedali zikinigonga miguu kila hatua, maana hata ukiisukuma hazipumziki.

Shida ilikuwa kusema. Nyumbani nilifundishwa kwamba kitu ulichopewa na kaka ya mke wako hukikatai mbele ya macho yake. Ukiwa na neno, unamwambia mke wako, mke wako anamwambia mke wa kaka yake, na yule analifikisha chumbani wakati mzuri, likiwa limeshapoa. Lakini mke wa shemeji yuko Marabo kwenye mahindi yao, harudi kabla ya Jumapili. Njia ya neno langu ilikuwa imefungwa, na kipimo ni kesho.

Jioni shemeji alirudi kazini, akaona suruali iliyochanika.

"Umeanguka?"

"Kidogo."

"Njia iko mubaya na hii mvua."

"Njia ilikuwa mubaya," nikasema. Ni kweli ilikuwa mbaya.

"Kesho mutoke mapema. Umuwekee mutoto bulangeti nyuma, akalie vizuri."

Mke wangu alikuwa anageuza sombe, majani ya mihogo, kwenye makaa, mgongo kwetu. Niliona mkono wake umesimama. Nikasema, na sauti ilitoka juu kuliko nilivyotaka:

"Shemeji, miye sitamubeba na ile kinga."

"Namna gani?"

"Shene ikikamata kitenge, haiwezi kusimama. Mimi sitaweza kuisimamisha."

"Weye hautaweza." Akanitazama miguu. "Kinga iko muzima. Miguu njo mugonjwa."

Labda ni kweli. Akachukua kinga ukutani, akafunga suruali yake na kipande cha mpira, akatoka getini bila kuaga. Tulisikia matairi kwenye changarawe, halafu hatukusikia kitu.

"Umemukasirisha," mke wangu akasema.

"Najua."

"Akianguka?"

Sikujua niombe nini. Akianguka, nimesema kweli na nimemuumiza mwenye nyumba. Asipoanguka, kesho mke wangu anapanda. Nilisimama uani na mikono yangu, nikatazama geti alilolichomelea mwenyewe, zuri, halina hata kipele.

Alirudi akiisukuma, jasho limemjaa, nguo safi.

"Nimefika chini," akasema. "Na nimesimama."

Namwamini. Hakuwa na tope hata kidogo. Niliona tu kwamba soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imechunika upande mmoja, kama mtu aliyekanyaga tairi ili lisimame. Inawezekana ilichunika zamani. Viatu vya mafundi huungua.

"Sasa?" akasema. Alikuwa anamtazama dada yake, si mimi.

Mke wangu akapanguza mikono, akamgeukia kaka yake. "Yaya, toa shene."

"Nini?"

"Toa shene. Wale wanaletaka mihogo toka Marabo na kinga, kuna mwenye anakanyaga? Wanasukuma tu. Basi na miye munisukume. Miye niko gunia."

"Hii gunia inasema sana."

"Iko na miguu pia. Kwenye muteremuko itashuka, itatembea."

Shemeji alicheka kwa pua, mara moja. Kisha akapiga magoti, akatafuta msumari na nyundo, akaigonga shene mpaka ikafunguka. Akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, akabonyeza kifungo. Pedali zikaning'inia, gurudumu likazunguka peke yake. Kazi yake yote ya kuchomelea ikawa haina maana tena, na aliyeibatilisha ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

"Miye nitashika usukani," akasema akiwa bado chini. "Weye utasukuma nyuma."

"Na kazi yako, shemeji?"

"Kazi itangoja."

Sijui kama anakuja kwa sababu ya dada yake, au kwa sababu haniamini hata na kinga isiyo na shene. Yote mawili yanawezekana, na yote mawili ni haki yake. Mke wangu hatapanda juu ya shene ile, ndicho nilichotaka, ingawa si mimi niliyekipata. Kesho Mudzipela nzima itatuona, sauti ya motari yule itakuwepo mahali fulani, na jioni tutarudi kwenye chumba hiki hiki.

Tumekula bugali ya mihogo na sombe, na samaki mmoja wa ziwani. Shemeji alimkata, mkia akampa dada yake, na kichwa akanisukumia mimi kama anavyofanya kila siku, maana kichwa ni cha mgeni. Nilikila chote, mpaka macho.