Lusina Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Usiku ule nililala na panga chini ya kitanda, na si kwa ajili ya mwizi. Jioni Wekesa, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa ameifyeka lusina yangu yote, miti niliyoipanda ili mbuzi wapate majani.

"Mwanamke akipanda mti anamchimbia mumewe kaburi," alisema, akifuta panga kwenye suruali. "Kesho nang'oa na visiki. Unataka ndugu yangu afie huko kibaruani?"

Mbuzi wangu ana maziwa kwa sababu ya majani yale, na mwanangu Neema hajui maziwa mengine. Nikasonya hadi usingizi ukanichukua.

Akaja mama mkwe. Alishakufa, nilimwosha kwa mikono yangu. Hakupita mlangoni, alikuwa tu ameketi kwenye kigoda, leso yake ya zambarau begani. Sikumwamkia. Alipokuwa hai, maneno ya Wekesa yalikuwa yake.

"Umekuja kunicheka?" nikamuuliza.

Anainuka. Mara ni mchana, tuko shambani, na mbuzi wa kijiji kizima wamesimama kimya kama wako kanisani. Anapiga magoti, anakipapasa kisiki kama utosi wa mtoto. Kisha tuko nyuma ya jiko lake, na sikumbuki kutembea. Anafungua fundo kwenye pindo la leso. Mna mbegu: bapa, za kahawia, zinang'aa.

Mbegu zangu! Zile nilizoloweka kwenye maji ya moto ili ziote upesi msimu wa kwanza, asubuhi nikakuta nusu hazipo, nikawalaani kuku wa watu.

"Niliiba mimi," anasema.

"Na ulivyonisema mbele za watu, mama!"

"Nilisema nilichofundishwa. Nikapanda nilichokiona." Ananitazama vile hakuwahi kunitazama tangu niolewe. "Wewe ulipanda mchana, mke wa mwanangu. Mimi sikuthubutu."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya jiko la marehemu, kwenye vile vichaka ambavyo sote tulisema vimejiotea, nami sikuwahi kuvikaribia. Lusina! Imepita paa. Kati ya mti na mti ni hatua moja, mstari umenyooka kama wa mahindi. Kilichojiotea hakijipangi. Na matawi ya chini yamekatwa jana, maana hapo ndipo Wekesa huwachumia mbuzi wake majani kila siku.

Alinikuta pale, jembe begani, akielekea kwenye visiki vyangu.

"Shemeji," nikamwambia, "mama yako anakusalimu. Miti hii inayolisha mbuzi wako aliipanda yeye, kwa mkono wake. Sasa nenda kwa baba yako, mumewe, umuulize yeye alikufa lini."

Kutoka nyumba kubwa tukamsikia mzee akifoka kwamba uji hauna sukari.

Wekesa akashusha jembe.