Jina Nililolizuia kwa Kiganja

Nisikilizeni na msicheke. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nimelelewa mjini, Ibanda, nyumba yetu ilijaa vitabu, na hadithi za mizimu zilikuwa zinaniudhi tu. Lakini hii niliiona kwa macho yangu mawili. Maman alikuwepo, muulizeni, kama ataweza kuisema bila kulia.

Ilikuwa wakati wa vita. Risasi zilipozidi mjini, kaka yangu Murhula alitufikisha mimi na Maman huko Nyantende, kwenye nyumba ya marehemu babu, kisha akaenda kijiji cha Miti kumchukua mkewe. Alisema kesho yake atakuwa amerudi. Wiki ikapita, na nyingine. Maman aliacha kula. Alimuuliza kila aliyepita barabarani habari za mwanawe, hata askari, mpaka nikawa namfungia ndani kwa hofu.

Mchana mmoja wa mvua kubwa, mzee akaingia na lulanga kwapani. Lulanga ni chombo chetu sisi Bashi, ubao uliochimbwa na kutiwa nyuzi. Mpigaji huimba ukoo wa nyumba iliyomkaribisha. Huanza na wafu, mmoja mmoja, kisha hunyamaza, hunywa, ndipo huwataja walio hai. Maman alivyofurahi, jamani! Akampa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akamwomba aimbe, ili amsikie mtoto wake akitajwa pamoja na wazima.

Akaimba. Sauti nzuri, niaminini. Akamtaja babu, akamtaja tonton, kaka yake Papa, akamtaja Papa aliyekufa kabla ya vita. Kisha akamtaja Murhula. Ndipo akanyamaza.

"Muzee, umekosea," Maman akasema. "Ule iko muzima. Anza tena."

Kwetu wimbo wa wafu haurudiwi siku hiyohiyo. Maman alijua, hata mimi wa vitabu nilijua. Lakini mama anayetafuta mtoto atakumbuka mwiko gani? Akapiga magoti kwenye udongo.

"Nakuomba, muzee. Umuweke na wazima."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Maman, miye natajaka tu wale tunatembeaka nao."

Akaanza upya. Babu, tonton, Papa, Murhula. Safari hii hakunyamaza. Akavuta pumzi kumtaja mwingine, na mle ndani tulikuwa sisi wawili tu. Nikaruka, nikazibana nyuzi kwa kiganja. Zilikuwa baridi kupita kiasi. Hakukasirika. Aliinuka, akatoka, na hapo ndipo nilipoona kwamba nguo zake zilikuwa kavu tangu alipoingia, na kibuyu cha kasiksi kilikuwa bado kimejaa. Nikakimbilia mlangoni. Kwenye tope hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Siku chache baadaye mke wa Murhula alifika peke yake. Walikuwa wamemzika mumewe kando ya barabara, bila padri, bila wimbo.

Basi ninyi mnaosikia, mpigaji akiingia kwenu na kuwataja wafu wenu, msimwombe arudie. Na akirudia, ole wenu, mwacheni amalize. Mimi nilimkatiza, na hadi leo hatujui ni nani kati yetu aliyetaka kumtaja. Vita vimekwisha, wanasema. Lakini Maman akikohoa tu, namlilia kama aliyekwisha kufa. Na nikikohoa mimi, yeye ananishika mkono na kuanza kuniaga.