Kisogo cha Ukoo Wetu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinihurumie. Naandika nilichofanya kwa mikono yangu.

Watu wa ukoo wa mume wangu wana visogo virefu. Mtoto wao ukimlaza chali, kichwa kinaangukia upande. Akikua wenzake wanamwambia akivaa kofia, nusu ya kichwa inabaki nje. Mama mkwe alinifundisha dawa yake: maji ya moto, kitambaa na kiganja. Unakanda asubuhi na jioni mpaka arobaini, unasukuma kisogo kiingie ndani. Nilikanda wanangu wote, na wa majirani walioniletea.

Binti yangu wa tatu aliwazidi wote kwa kisogo, nami nikamkanda kwa nguvu. Hakufika arobaini. Walisema homa, na mimi nikasema homa. Lakini utosi wake ulikuwa unapiga chini ya kiganja changu, na mpaka leo nikikanda unga wa maandazi nausikia.

Mwaka huu mkaza mwanangu kajifungua mvulana. Kisogo kile kile. Nikachemsha maji. Akamfunika mtoto kwa khanga.

"Shikamoo, mama," akasema, na asubuhi tulikuwa tumeshaamkiana.

"Marahaba. Mlete."

"Nesi amekataza. Anasema vichwa vya watu tangu kale havifanani. Vipo virefu, vipo vya duara, na akili inakaa humo humo."

"Nesi ndiye atakayechekwa shuleni?"

"Baba yake ulimkanda arobaini nzima, mama. Hebu mwangalie."

Mwanangu alikuwa kasimama mlangoni, kisogo kirefu vile vile, jembe lina udongo mbichi. Hakucheka. Alikuja kuniita twende shambani.

Alikuwa akichimba tuta jipya upande wa juu wa kabichi, jembe likagonga fuvu la mtu. Hapakuwa na jiwe la kaburi, na hata wazee wa kijiji hawakuwahi kusikia kwamba pale kalazwa mtu. Mwanangu aliogopa kuligusa. Nikapiga magoti, nikalifuta udongo. Meno yalikuwa yamelika mpaka chini. Nyuma lilichomoza kama kiazi kitamu.

Nililishika kwa mikono miwili, na vidole gumba vikaenda vyenyewe pale vilipozoea. Vikasukuma. Mfupa haukusogea.

Huyu alikufa kabla ya shamba hili kuwa shamba, na kichwa chake ni cha mwanangu, ni cha mjukuu wangu. Labda na yeye mama yake alimkanda. Nikajiuliza yule binti nilimsukuma nini. Mwanangu aliniita mara mbili, ukungu ukashuka, bado nimelishika.

Tulilifunga kwa shuka nyeupe, shehe akasoma dua, tukalirudisha pale pale. Tuta tukalihamishia pembeni.

Niliporudi nyumbani, maji yalikuwa bado jikoni juu ya makaa, yana moto, na mtoto amelala. Mikono yangu ikataka kukanda. Sikuiamini. Nikawaita wote, mwanangu, mke wake na binti zangu wengine, nikawaambia:

"Kichwa cha mtoto huyu hakikandwi. Na atakayeniona namsogelea na kitambaa cha moto, mimi huyu huyu mama yenu, asiniulize kitu. Amchukue mtoto, atoke naye nje."