Sukari Kwenye Mkate wa Kifaransa

Nina diploma ya uokaji mikate niliyoipata London, na nasema hivyo mwanzoni ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Hakuna aliyenipeleka. Sina mjomba serikalini wala mume aliyenifungulia biashara. Miaka kumi na moja nilipanga trei za chakula cha ndege kwenye kiwanda kimoja pale Hayes, jioni nikaingia darasani na harufu ya kuku wa kuchemsha kwenye nywele, na cheti walichonipa leo kimetundikwa kwenye bekari yangu Morogoro, juu ya mashine ya kukandia, mahali ambapo mteja hawezi kuacha kukiona. Nimeajiri watu kumi na wanne. Mkate wangu unafika Kilosa, unafika Mikumi.

Kwa hiyo mwaka jana nilipowaambia wafanyakazi kwamba nakwenda London kwenye tamasha la mkate wa Kifaransa, hakuna aliyeshangaa. Bosi anakwenda kuongeza ujuzi, walisema. Niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumchukua mtu.

Mtu mwenyewe ni Mkenya, mwanamke wa Nakuru, niliyeishi naye chumba kimoja Hounslow kwa miaka saba. Tulianza chuo cha uokaji pamoja, tukikaa meza moja. Muhula wa pili mama yake akaugua huko kwao, naye akaacha masomo, akaongeza shifti za kuhudumia wazee majumbani. Mimi nikaendelea. Lakini tulikuwa tumeapiana kwamba atakayetangulia kurudi nyumbani atajenga tanuri, mwenzake atamfuata, na bekari itakuwa ya wawili, Mtanzania na Mkenya, tuone ugomvi utaanza lini. Nilitangulia. Nilijenga. Ilikuwa mwaka wa tisa sasa, na kila nikimpigia simu jibu lilikuwa lile lile: "Mwakani, mama."

Nilichoka na mwakani. Watu wanadhani mtu aliyefanikiwa hana upungufu, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kudhani hivyo. Saa kumi na moja jioni wafanyakazi wanavua aproni, wananiaga kwa heshima zote, na mimi napanda ghorofani kwangu nakula peke yangu. Hakuna anayenibishia. Nikikosea kipimo cha hamira wananyamaza, mkate unavimba kama jipu, wanasema umependeza, madam. Nilikuwa na miaka hamsini na nne, na katika mji mzima hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunicheka.

Tamasha lilikuwa la siku mbili, kwenye uwanja mdogo kusini-magharibi ya jiji, upande wanakoishi Wafaransa wengi. Waokaji wa jadi walikuwa wamekuja kutoka vijiji vya kwao na magunia yao ya unga. Kulikuwa na shindano la wageni pia: unaleta bageti uliyooka mwenyewe, ule mkate mrefu mwembamba wenye ganda gumu, na wazee wanne wa kazi hiyo wanaonja na kutoa hukumu mbele za watu. Nilijiandikisha tangu nikiwa Morogoro. Nilimwambia rafiki yangu aje saa sita mchana anione nikishinda, na baada ya ushindi ndipo ningemwambia neno langu. Nilipanga hivyo makusudi. Ukitaka kumhamisha mtu, mkute akiwa anakuonea fahari.

Nilifikia kwake, lakini kusema kweli nilifikia kwenye fleti yake, maana yeye hakuwapo. Alikuwa akitoka wakati naamka na kurudi wakati nimetoka. Kwa siku tatu tulionana labda saa mbili kwa jumla, tena akiwa amesimama, anakunywa chai huku anafunga kamba za viatu. Ndani mle nililala na friji linalounguruma na picha za wajukuu wa watu wengine, wale wazee anaowahudumia, walizompa kwa shukrani. Jumamosi alfajiri niliwasha oveni yake ndogo, nikakanda unga niliokuwa nimeuchachua tangu jana yake, nikaviringisha mikate mitatu, nikaichanja mgongoni kwa wembe mara tano tano kama nilivyofundishwa. Ilitoka myekundu, inang'aa. Niliipiga picha. Nikatafuta wa kumtumia picha ile, nikamtumia yeye, akajibu kwa kidole gumba tu. Alikuwa kazini.

Kwenye tamasha nilifika saa nne. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, lakini watu walipanga foleni bila kulalamika kama wanaosubiri komunyo. Palikuwa na mtu anapiga kodiani chini ya mwavuli. Kila mtu alikuwa na mwenzake: mume na mke wanagombania kipande, mama anampangusa mtoto unga puani. Nilizunguka na kikapu changu. Nilitaka kusema, "Angalia, hawa wanafunika unga kwa kitambaa cha kitani, sisi tulifundishwa hivi," lakini wa kuambiwa hakuwapo, na jambo usiloweza kumwonyesha mtu hulioni vizuri wewe mwenyewe.

Nilisimama muda mrefu kwa mzee mmoja aliyekuwa akikanda kwa mikono, bila mashine. Kwenye mikono yake, kuanzia kiganja hadi kiwiko, alikuwa na alama za kuungua, mistari mifupi mifupi, ile anayoipata mtu anayetoa trei kwenye tanuri kwa haraka. Nikakunja mkono wa koti nikamwonyesha za kwangu. Hakujua Kiingereza cha maana. Aliziangalia, akacheka, akaweka mkono wake kando ya wangu tukalinganisha. Kisha mteja akamwita. Nilibaki nimekunja mkono wa koti kama mtu anayesubiri sindano.

Saa sita ikafika, rafiki hakuwapo. Tulikuwa washindani ishirini hivi. Wazee wale walipita mezani taratibu: wanautazama mkate, wanaugonga chini kwa kidole na kusikiliza, wanaukata, wanaunusa, ndipo wanaonja. Walipofika kwangu nilisimama wima. Mzee wa kwanza alitazama rangi, akamtazama mwenzake. Akanusa. Akaweka kipande mdomoni.

"Bibie," alisema kwa Kiingereza cha kukwama, "kazi ya mikono ni nzuri sana. Lakini hapa kuna sukari."

"Hakuna," nilisema.

"Kuna sukari."

"Mzee wangu, mimi nina diploma ya kazi hii. Unga, maji, chumvi na hamira. Niliijua sheria ya mkate wenu kabla sijaingia hapa."

Akanikatia kipande, akanipa kwa heshima kama anavyopewa mgonjwa dawa. Nikatafuna. Na hapo hapo mkono wangu ukakumbuka ulichofanya alfajiri. Morogoro mkate usio na sukari unarudishwa. Watu wanasema umechacha, au wanasema nimebana matumizi. Kila siku kwa miaka tisa, nikishamimina chumvi, mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la pili, vijiko vitatu kwa kilo, sihesabu, sifikiri. Kopo la rafiki yangu lilikuwa pale pale pembeni ya chumvi.

Mzee alikuwa amekwisha kusogea meza ya pili. Nyuma yangu nikasikia kicheko. Si cha kuguna, ni kicheko kizima, cha mtu aliyeshika mbavu.

"Aki wewe! Madam Diploma! Umeweka sukari kwa bageti?"

Alikuwa amefika, na sare yake ya kazi chini ya jaketi, miwani imejaa manyunyu.

"Nyamaza, watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie! Kwani ulikuwa unaoka maandazi ya harusi? Na vile umebishana na huyo babu! 'Mzee wangu, mimi nina diploma.'" Alinigeza sauti, akasimama wima kama nilivyosimama, kidevu juu. "Si ungemwonyesha na pasipoti."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo. Nilishindwa mbele ya umati wa watu, na kwa dakika zile nilikuwa na furaha kuliko siku niliyofungua bekari. Hapo ndipo ningesema. Mtu mwenye akili angesema pale pale, machozi ya kicheko yakiwa bado machoni.

Badala yake nilijisikia nimepungua, nikataka kwanza nijirudishe mahali pangu. Tukakaa kwenye benchi chini ya turubai, tukala ule mkate wangu kwa jibini, na nikaanza kumweleza. Nikamweleza tanuri jipya. Nikamweleza gari la pili la kusambaza, na mkuu wa wilaya aliyekuja kukata utepe. Alikuwa akitafuna na kuitikia, "Ehe. Ehe." Kisha nikasema:

"Sasa nataka msimamizi mkuu. Mtu wa kuaminika. Nimekufikiria wewe. Nitakupa nyumba, mshahara mzuri, utakuwa chini yangu mimi tu, hakuna mwingine wa kukuamrisha."

Aliacha kutafuna.

"Chini yako."

"Mimi tu."

"Na nitakuwa nakuita nani? Bosi?"

"Mbele ya wafanyakazi, labda. Unajua kazi inavyotaka nidhamu."

Alikung'uta makombo kwenye sare yake, moja moja, hakunitazama. "Mimi hapa niko na mabosi watatu, mama. Wa nne nimfuate na ndege?"

"Hujanielewa."

"Nimekuelewa sana. Tangu ufike umeniambia gari, umeniambia tanuri, umeniambia mkuu wa nini huko. Hujaniuliza mama yangu alikufa vipi."

Nilijua alikufa. Nilituma rambirambi, tena si haba. Lakini ni kweli kwamba sikuwahi kuuliza. Nilifungua mdomo, na kilichotoka, Mungu ananisikia, kilikuwa hiki: "Watu wengi wangeitaka nafasi hiyo."

"Basi wape," alisema, akaangalia saa. Alikuwa na mzee wa kumwogesha saa tisa, upande wa Neasden, safari ya mabasi mawili.

Nilimsindikiza hadi kituoni. Tulisimama bega kwa bega tukitazama upande basi linakotokea, kama tulivyosimama mamia ya asubuhi. Neno nililokuja nalo kutoka Morogoro lilikuwa fupi, na nilikuwa nalo pale kwenye ulimi. Basi likaja. Akagusa kadi yake kwenye mashine, akapanda juu, hakugeuka. Nikarudi kwenye tamasha kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Walikuwa wanamtangaza mshindi, kijana wa Kipolandi, na watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Mama mmoja wa Kizungu aliyesimama karibu nami aliniuliza kama mimi pia naoka. Nikamwambia nina bekari kubwa, watu kumi na wanne. Alisema ni ajabu sana, akamgeukia mumewe.

Siku ile hakurudi hadi kesho yake saa mbili asubuhi, maana alipewa pia shifti ya usiku. Nilimsikia akihangaika na funguo. Nilikuwa nimeketi jikoni na chai ya watu wawili, nimeitengeneza kama anavyoipenda, majani mengi na maziwa yamechemka humo humo. Alikaa bila kuvua jaketi.

"Sihitaji msimamizi," nilisema. "Msimamizi ninaye, tena hodari. Nilitaka tukae pamoja. Jioni hakuna mtu kule."

Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama yako alikufaje?" nikauliza.

Akaniambia. Ilichukua muda, na sitaandika hapa kwa kuwa si yangu. Alipomaliza chai ilikuwa imeshika utando.

"Hilo la kukaa pamoja," alisema, "ungeniambia wakati ulikuwa unajenga, ningekuja na begi moja. Hata mkeka ningelalia. Lakini ulikuwa unanitumia picha tu. Tanuri, mlango, bango. Hakuna picha hata moja ulisema njoo. Nikaona huyu ashafika, hanihitaji, nimwache na maendeleo yake."

"Nilidhani unaona."

"Niliona bango."

"Na sasa?"

"Sasa nimezoea hapa, dada. Sipapendi, lakini nimezoea. Kuna nyanya mmoja huko Neasden hali chakula kama si mimi nimeshika kijiko. Kuanza tena, mimi siwezi. Nitakuja kukuona, hiyo naapa. Lakini kuhama, hapana."

Mimi, ninayebishana na waokaji wa Kifaransa juu ya mkate wao, safari hii nilikubali. Nilisema, "Sawa," nikasimama kupasha chai, na nilipogeuka alikuwa amelala pale pale kwenye kiti, kichwa kimeegemea friji, mdomo wazi kidogo. Nilimvua viatu. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidole. Kisha nikaketi mbele yake, sikuwasha redio wala simu, nikakaa hivyo hadi karibu adhuhuri, kwa kuwa kabla ya ndege yangu zilikuwa zimebaki siku saba tu za kukaa chumba kimoja na mtu.