Plasta Iliyotoka Kama Soksi

Nilirudi kutoka ng'ambo miaka ya tisini na diploma ya tiba ya miguu. Sikuchangiwa harambee, wala serikali haikunituma. Ada nilijilipia kwa kupiga deki wodi za wazungu. Kwa hiyo hospitali moja ndogo upande wa Nyeri iliponipa wanafunzi wanne kutoka wodini, na stoo ya magongo iwe darasa, nilipokea kama mtu anayepokea haki yake.

Daktari wa upasuaji hakunipenda. Kwake, mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda alingojewa akue, kisha apasuliwe. Mimi niliwafundisha wanafunzi kuunyoosha mguu kidogo kwa mkono, kuufunga plasta, na kurudia kila wiki.

Mtoto wetu wa kwanza, msichana mchanga mwenye mguu mmoja uliopinda, aliletwa na nyanya yake kutoka Kiriaini.

"Nawapa wiki nane," daktari akasema. "Mguu usiponyooka, mtoto anaingia tiyeta kwangu apasuliwe, na hawa wanafunzi wanarudi wodini."

Wiki ya pili nyanya alitoa plasta kwenye kiondo. "Imetoka kama soksi," akasema. Wiki ya tatu, vilevile.

"Plasta ya diploma hiyo," daktari akacheka, wanafunzi wangu wakisikia.

Nililaumu pamba ya chini ya plasta, nikalaumu mikono ya wanafunzi. Yangu sikuilaumu, na sikuwa na sababu.

Wiki ya nne nilifika mapema nikamkuta nyanya kwenye benchi, mtoto mapajani, anampaka mafuta ya kujipaka kuanzia vidole hadi nyonga. Benchi zima lilikuwa linapaka. Kwetu hakuna anayempeleka mtoto kwa daktari na miguu iliyopauka. Wanafunzi wangu walilelewa kwenye mapaja kama hayo, wakawa wanafunga plasta juu ya mafuta bila kuyaona.

"Cucu, hayo mafuta ndiyo yanatoa plasta."

"Ati nilete mtoto hospitali kama ametoka kwa jivu? Watu watasema aje?"

"Waambie ni mimi nimekataza."

"Na wewe mwenyewe vile unang'aa!"

Benchi likaangua kicheko. Sikucheka. Nilitaka maji moto na sabuni, nikawaamuru wanafunzi wauoshe mguu ule na kuupangusa hadi ukauke kabisa. Tukafunga plasta kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Wiki ya tano mtoto alikuja plasta ikiwa palepale. Ya sita pia.

Wiki ya nane mguu ulikuwa umegeuka. Kilichobaki ni kisigino, ambacho kano fupi ilikuwa bado inakivuta juu.

"Kumbe inataka kisu," daktari akasema. "Si nilisema?"

"Inataka tundu moja kwenye kano, daktari. Mguu hupasui."

"Nani amesema?"

"Mimi. Na hawa wanne watakuwa ndani wakiangalia."

Akaenda kunawa. Mle tiyeta, mtoto akiwa tayari, aliinua kisu chembamba. "Wapi?"

Niliweka kidole changu chenye glavu kwenye kano, juu kidogo ya kisigino. Akakata pale nilipoonyesha. Kisigino kikashuka, mguu ukakaa kama mguu wa mtoto yeyote. Wanafunzi walinitazama mimi. Hawakurudi wodini.

Nyanya alimpokea mtoto na plasta yake ya mwisho, akaushika mguu ule mwingine, mzima, ambao nao hakuwa ameupaka tangu nikataze mafuta.

"Na huu, mwalimu? Naweza kupaka?"

"Huo paka, cucu. Paka mpaka Kiriaini wauone."